Dar Inaishia Wapi?

Natoka Ukara, kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, kaskazini mwa Ukerewe. Waliosoma jiografia enzi zetu huenda wanalikumbuka jina hilo, maana Ukara iliingia vitabuni kwa jambo moja: watu wengi, ardhi kidogo. Wazee wetu walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakakusanya samadi na kuibeba hadi shambani, na hata mti uliosimama peke yake pembezoni mwa shamba ulikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo nilipohamia Dar es Salaam mwezi Machi mwaka 2024, baada ya kumzika mke wangu na binti yangu kukataa katakata nibaki peke yangu, kila aliyeniuliza kama nimeshangazwa na msongamano nilimjibu kwamba msongamano nimezaliwa nao. Kilichonishangaza ni kitu kingine, na ilinichukua miezi kukielewa.

Nilifundisha shule za msingi miaka 38. Mara mbili, mwaka 1988 na 2002, nilikuwa karani wa sensa, kwa kuwa kazi hiyo walimu ndio tuliokuwa tukiitiwa. Nilipita kaya kwa kaya na dodoso mkononi, na swali nililolirudia mpaka likaniingia usingizini lilikuwa hili: usiku wa kuamkia siku ya sensa, nani alilala hapa? Hatukuuliza anafanya kazi wapi mchana, wala moyo wake uko wapi. Mtu alihesabiwa pale alipolala. Naomba msomaji alishike swali hilo, tutalirudia.

Safari yenyewe ni ndefu. Kivuko kutoka Bwisya hadi Bugolora, gari hadi Nansio, meli hadi Mwanza, kulala, kisha basi kutwa nzima. Tuliingia stendi ya Mbezi Luis usiku, ile iliyofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo. Binti yangu alikuwa ananisubiri getini. Nikamwambia, "Mungu mkubwa, tumefika." Akachukua begi langu akasema, "Bado, baba. Hapa ndiyo kwanza tunaanza."

Tukapanda daladala, tukashuka, tukapanda nyingine. Taa hazikuisha. Nilikuwa nimezoea kwamba mji una mwisho: unapita nyumba za mwisho, giza linaanza, unajua umetoka. Tulipita Tazara, tukaingia Barabara ya Kilwa, tukapita Mbagala Rangi Tatu ambako saa nne na nusu za usiku akina mama walikuwa bado wanakaanga samaki kandokando ya barabara, na watu wametapakaa kana kwamba ni mchana wa gulio. Tukapanda ya tatu. Konda aliita, "Kongowe, Mwandege, Vikindu!" Tulishuka Vikindu karibu na saa sita, tukamalizia kwa bajaji kwenye njia ya mchanga kati ya minazi. Nilimuuliza binti yangu kama huku nako ni Dar. "Ndiyo baba, Mbagala kwa mbele kidogo," akasema.

Miaka yote ile alipokuwa akipiga simu nyumbani alisema yuko Dar. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mtoto yuko Dar. Nami nikaandika kwenye daftari langu la kumbukumbu: nimehamia Dar.

Mwezi wa pili nikahitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya mambo ya benki. Nikaenda kwa mwenyekiti wa eneo letu, kijana mwenye heshima, akanipa shikamoo na kiti. Akaandika barua, akapiga muhuri. Mwalimu hawezi kupokea karatasi bila kuisoma, nikaisoma palepale. Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Nikamwambia kwa upole kwamba nadhani kuna makosa, mimi naishi Dar es Salaam. Akatabasamu. "Hapana, mzee wangu. Mpaka wa Dar uliuacha kule nyuma, Kongowe. Huku ni Pwani."

Jioni nikamwonyesha binti yangu. Hata hakuinua kichwa kwenye mchele aliokuwa akipepeta. "Baba, hiyo ni ya makaratasi. Kazi yangu Kariakoo, kanisa langu Mbagala, mtoto nilimzalia Temeke. Mimi ni mtu wa Dar." Lakini karani wa sensa akija angemuuliza swali langu lile la zamani, na jibu lingemwandika Pwani.

Usiku huo sikulala mapema. Nilikuwa na namba za sensa nilizozinakili kwa ajili ya wanafunzi, nikazitandaza mezani. Mwaka 1967, sensa ya kwanza baada ya Uhuru, mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821. Mwaka 1988, nilipokuwa karani kwa mara ya kwanza, mkoa mzima ulikuwa na 1,360,850. Mwaka 2012 walifika 4,364,541. Na sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ikatoa 5,383,728. Ukilinganisha ya kwanza na ya mwisho, ingawa mipaka nayo imebadilika, ni karibu mara 20 ndani ya umri wa mtu mmoja ambaye bado anatembea bila mkongojo.

Hizo nilizijua. Ambalo sikuwa nimelitazama ni mwendo wake. Kati ya 2002 na 2012 Dar ilikua kwa wastani wa asilimia 5.6 kila mwaka. Kati ya 2012 na 2022 kasi ikashuka hadi asilimia 2.1. Nchi nzima, vijiji na miji kwa pamoja, ilikua kwa asilimia 3.2. Maana yake, kwa karatasi, jiji ambalo kila kijana wa nchi hii analiota lilikua polepole kuliko taifa lenyewe. Nikajiuliza, je, watu wameacha kuja? Mbona zile daladala tatu zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni?

Ndipo nikatafuta Mkoa wa Pwani. Mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022, watu 2,024,947. Karibu mara mbili kwa miaka 10. Wilaya yetu ya Mkuranga ilitoka watu 222,921 ikapita laki tano. Watu hawakuacha kuja. Walifika, jiji likajaa, wakavuka mpaka bila kujua wameuvuka.

Sitaki kusema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Miji mingine nayo imekua na kuwavuta watu. Dodoma kuna makao ya serikali, Mwanza kuna ziwa na biashara. Na wanawake wa mjini huzaa watoto wachache kuliko wa vijijini, hivyo jiji lenyewe haliongezeki kwa uzazi kama zamani. Lakini ukisimama Mwandege saa kumi na moja alfajiri ukaona foleni ya watu wanaongoja gari la kwenda mjini, huhitaji hesabu kubwa. Na si barabara hii tu. Barabara ya Morogoro jiji limemwagikia Kibaha. Ukitoka Pugu na Chanika limemwagikia Kisarawe. Ukipita Bunju limemwagikia Mapinga, ambayo ni Bagamoyo. Kila barabara kuu inayotoka Dar ina Vikindu yake.

Kwa nini watu wanakuja huku pembezoni? Jibu bora nimelipata kwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilikuwa nimesimama Rangi Tatu nikitafuta dagaa. Huku wauzaji wanakuuliza kwanza, wa Mwanza au wa Kigoma, na mimi nilitaka wa kwetu. Nikasikia mtu anaita, "Mwalimu! Mwalimu, shikamoo!" Kijana wa bodaboda, amevua kofia ngumu, anacheka. Nilimfundisha darasa la nne hadi la saba. Nikamwitikia marahaba, tukakaa kwenye benchi la mama lishe, akakataa kabisa nilipe chai.

Darasani niliwafundisha sababu za watu kuhama kwa safu mbili ubaoni: yanayomsukuma mtu kijijini na yanayomvuta mjini. Ukosefu wa ajira huku, taa na hospitali kule. Nikamuuliza yeye kilichomleta. Hakutaja taa. "Mwalimu, shamba la baba unalijua. Halifiki ekari mbili, na sisi wanaume tuko wanne. Tungeligawa, kila mmoja angepata matuta ya mihogo. Nikaona mimi nisiwepo kwenye mgao." Alijitoa ili wenzake wapate kitu. Katika miaka 38 sikuwahi kuiandika sababu hiyo ubaoni, kwamba mtu anaweza kuhama kwa ajili ya wale wanaobaki.

Kisha nikamuuliza amefikaje huku. Akanihesabia kwa vidole. Alifikia Tandika kwa mjomba, chumba kimoja watu watano, yeye akilala karibu na mlango. Alipopata kazi ya kubeba mizigo akahamia Buza, akapanga gheto na wenzake wawili. Alipooa akaenda Mbagala Kuu, kwa sababu mke halali gheto. Mwenye nyumba alipotaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kuongeza bei, wakaenda Chamazi. Na sasa amejenga vyumba viwili Mwandege, bado havijapigwa plasta, ila havidaiwi kodi. "Kila nikipata mtoto, Mwalimu, nasogea mbele."

Nilirudi nyumbani nikachora. Tandika, Buza, Mbagala Kuu, Chamazi, Mwandege. Unaweza kuweka rula: kila kuhama kwake kulimpeleka mbali zaidi na Kariakoo. Tumezoea kuifikiria safari ya kuhama kama mstari mmoja, kijiji hadi jiji, mtu akashuka stendi ikaisha. Kumbe ndani ya jiji kuna uhamaji wa pili, wa kutoka katikati kwenda nje, na huo huchukua miaka 10 au 15. Mgeni huingia kwanza ndani kabisa, kwa ndugu, kwenye chumba kilichojaa, kwa sababu ndiko aliko mtu anayemjua. Akishajua njia, akipata mke na vijisenti, jiji linamsukumia ukingoni. Sijakutana na mtu hata mmoja hapa aliyekuja bila namba ya simu ya mtu fulani mfukoni.

Wakubwa wa zama mbalimbali walijaribu kuizuia safari hiyo ya kwanza. Wakoloni waliwakamata watu waliowaita wahuni na kuwarudisha makwao. Baada ya Uhuru nasi tulikuwa na kampeni zetu. Mwaka 1983, nilipoanza kazi, ilikuwa ni Nguvu Kazi, na wasio na ajira inayotambulika walikusanywa mijini wakapelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi baada ya muda mfupi. Mji uliokwishaunganishwa na reli hadi Kigoma tangu mwaka 1914, na baadaye na TAZARA, na tangu mwaka 2003 na daraja la Mkapa juu ya Rufiji lililowafungulia watu wa Lindi na Mtwara njia ya uhakika, hauwezi kufungwa kwa amri. Njia ikishakuwepo, watu watapita.

Jirani yetu wa upande wa mashariki ni mzee Mzaramo, mwenyeji hasa. Tunaitana watani kwa kuwa kwake mtu yeyote wa bara ni Mnyamwezi, na sijachoka kumweleza kwamba Ukara ni mbali na Tabora. Baba yake aliacha shamba la minazi na mikorosho lililoanzia barabarani likaishia bondeni. Anakumbuka Dar ilipokuwa safari ya kutwa, wanakwenda kuuza nazi na mihogo, wanarudi usiku wa manane. "Mimi sikuhamia mjini, mtani," aliniambia. "Mji ndio ulinihamia mimi." Alianza kuuza kipande kimoja ili ampeleke mtoto sekondari. Kingine kwa matibabu ya mkewe. Kingine kwa sababu ndugu walidai mgao. Viwanja vilipimwa kwa hatua, 20 kwa 20, mwenye miguu mirefu akipata kidogo zaidi. Sasa kimebaki kipande cha nyuma ya nyumba yake chenye mikorosho sita na makaburi matatu.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili, na nalisema kwa moyo wangu wote. Eneo letu bado linapangwa kama shamba la mzee huyu, wakati lina watu wa jiji. Mjukuu wangu yuko darasa la tatu katika shule iliyojengwa zamani kwa ajili ya watoto wa wakulima wachache. Leo wanaingia kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na darasa lake nililihesabu mwenyewe kwa macho ya kazi: watoto 137, wengine sakafuni. Mwalimu wao ni binti mdogo mwenye sauti iliyokauka. Niliomba kumsaidia siku mbili kwa wiki, bure, akakubali kabla sijamaliza sentensi. Maji tunachota kwenye kisima cha mtu binafsi, kwa madumu. Mipango inafuata mipaka ya mikoa, watu wanafuata viwanja vya bei nafuu. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba ifikapo 2030 Dar itakuwa imepita watu milioni 10. Ukishika mpaka wa mkoa, unaweza kusema makadirio hayo yamezidi mno, watu ni milioni 5 na kitu. Lakini ukitaka kujua ni madarasa mangapi, mabomba mangapi na mabasi mangapi yanahitajika, ni lazima usome namba ya Dar na namba ya Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo kwenye ukurasa mmoja. Hawa ni watu wa jiji moja.

Nilikwenda Kariakoo na binti yangu siku moja ili nione anakoshinda. Tulitoka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, yeye kanga begani kwa ajili ya baridi ya dirishani, mimi nimekaa kwa sababu kijana mmoja alimwachia mzee siti. Binti yangu aliniambia tungechelewa nusu saa tu tungesimama hadi mjini. Kariakoo mchana ni bahari. Wabeba mizigo wanapiga kelele za kuomba njia, vitenge vimening'inia hadi barabarani, mteja wa Kongo anajadili bei kwa Kiswahili chake, Mkinga anahesabu boksi, Mchaga anaandika risiti. Nikamwomba binti yangu tubaki hadi jioni. Saa mbili usiku watu walikuwa wametiririka kama maji yaliyofunguliwa, kila mmoja anakimbilia gari la kwake. Wale niliowaona mchana, karani wa sensa asingewakuta pale usiku. Angewakuta Gongo la Mboto, Kimara, Chanika, Vikindu. Katika miaka yote ya kuuliza nani alilala hapa, sikuwahi kuwaza kwamba jiji lina idadi mbili, ya mchana na ya usiku, na kwamba umbali kati ya hizo mbili watu wanaulipia kwa usingizi wao. Binti yangu hulala kwa muda wa saa tano tu kwa siku. Mtoto wake humwona akiwa macho Jumapili tu.

Jumapili hiyohiyo ndiyo siku ya chama chetu, watu wa Ukara na Ukerewe walioko upande huu wa Temeke na Mkuranga. Tunakutana chini ya mwembe, kila kaya inatoa mchango wa mwezi, mtu akifiwa tunasafirisha. Nilidhani ni chama cha wazee. Nusu yao ni vijana ambao niliwahi kuwachapa kwa kuchelewa shule, na sasa hawachelewi hata dakika moja. Mwekahazina anaandika jina, kiasi, na mahali mtu anapoishi. Nilipoliangalia daftari lake nikaona safu ya mahali imekatwakatwa kwa kalamu, mtu mmoja ana majina matatu manne ya mitaa, la zamani limefutwa na jipya limeandikwa juu yake. Kama ningepewa daftari lile nilipokuwa nafundisha uhamaji, nisingehitaji kitabu.

Wiki iliyopita jirani yangu Mzaramo alikuja jioni, hakukaa. Akasema kuna watu wametoka Sumbawanga, mume na mke na watoto watatu, wanapanga Mbagala, wanataka kile kipande cha nyuma. Amekubali, ila makaburi yatabaki na njia ya kuyafikia, na hilo liandikwe vizuri na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Mimi ndiye mwenye mwandiko.

Tulikutana asubuhi mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Safari hii walipima kwa futi kamba, si kwa hatua. Nikaandika majina, vipimo, mikorosho mingapi inauzwa na mingapi inabaki, njia ya kwenda makaburini upana wa mita mbili. Juu ya karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Mzee akaweka sahihi taratibu, akakunja nakala yake mara nne na kuitia mfuko wa shati. Yule mnunuzi alikuwa ameshasogea pembeni, chini ya mkorosho wake mpya, simu sikioni, akipaza sauti kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika.

"Halo? Mama? Mama, unanisikia? Nimepata kiwanja. Ndiyo, changu. Huku huku Dar."